AC ya Gari la Mzigo Haipoozi? Muulize Fundi Gesi ya Mwanzo Imeenda Wapi

Wadau, wengi wetu tunaouza mtandaoni vitu vinavyoogopa joto (keki, chokoleti, mtindi, maua, lipstiki, mafuta ya mgando) tunasambaza kwa magari ya zamani. Si vibaya. Kagari ka mwaka 2003 kanaingiza hela kama gari jingine lolote. Shida inaanza siku AC inapogoma, maana kwetu sisi AC si starehe ya dereva, ni friji ya pili ya biashara. Siagi inayeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35, na inalegea mapema kuliko hapo. Chokoleti nayo ni humo humo. Dar mwezi wa Februari kivulini tu unasoma 32 au 33. Ukiliacha gari juani limefungwa vioo, joto la ndani linapanda kama nyuzi 10 ndani ya dakika 10 za mwanzo, na halisimami hapo.

Nimeamua kuandika hili kwa sababu naona hela zinapotea kwa namna ile ile kila msimu wa joto. AC haipoozi, fundi anasema "gesi imeisha", unalipa, inapooza wiki tatu, inarudi kule kule, unalipa tena. Mtu anajaza gesi mara tatu kwa mwaka na anaona ni matumizi ya kawaida, kama petroli.

Gesi ya AC si petroli. Haichomwi, haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa inaikandamiza, inafika kwenye ile rejeta nyembamba iliyo mbele kabisa ya gari (ndiyo kondensa) ikiwa na presha na joto kali, inapoa pale na kuwa kimiminika. Halafu inapita kwenye kitundu chembamba nyuma ya dashibodi, presha inashuka ghafla, inachemka ikiwa ya baridi na kunyonya joto la ndani ya gari. Kisha inarudi kwa kompresa. Gesi ni ile ile miaka nenda rudi. Mipira ya gari la zamani hupenyeza kidogo kidogo, hilo linakubalika. Ila gesi iliyojazwa Januari ikaisha Februari, hiyo imetoka mahali, na mahali penyewe bado pako wazi unapolipia nyingine.

Sasa niwaelezee la kwangu, kwa sababu lina funzo la namna ya kutafuta tatizo kabla hujatoa hela.

Mimi natengeneza keki za sherehe. Naoka Tabata, wateja wengi wako Mbezi Beach, Mikocheni na Kigamboni. Mwezi wa kwanza mwaka huu nikaanza kuona kitu: asubuhi na mapema barabara ikiwa wazi, baridi safi kabisa. Nikiingia kwenye foleni Mwenge, hewa inayotoka inakuwa kama ya feni ya kawaida. Magari yakisogea nikapata mwendo, baridi inarudi yenyewe. Wakati huo nilikuwa nimeshapokea malipo ya awali ya keki ya harusi ya ngazi tatu, ya krimu ya siagi, inatakiwa ukumbini Jumamosi saa nane mchana. Nilikuwa na siku tisa. Keki ya ngazi tatu huwezi kumpa bodaboda, na huwezi kuipeleka alfajiri wakati ukumbi unafunguliwa saa sita.

Kabla ya kwenda kwa fundi yeyote nilichukua kile kipimajoto cha jikoni chenye kijiti cha chuma, nikakichomeka kwenye tundu la katikati la dashibodi. Vioo vimefungwa, kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kimebonyezwa, feni ya ndani iko namba mbili. Nikaandika kwenye daftari la oda: mwendo wa 60, nyuzi 9. Gari limesimama injini inaunguruma, baada ya dakika sita, nyuzi 23. Nikaondoka tena, ikashuka hadi 10.

Namba hizo tatu zilikuwa na thamani kuliko maelezo yote. Ukisema "haipoozi vizuri", fundi anasikia "jaza gesi". Ukisema "inapooza nikitembea, inagoma nikisimama", fundi anayejua kazi anapata picha.

Fundi wa kwanza, karibu na nyumbani, hakuangalia karatasi. "Dada, hiyo gesi imeisha. Elfu themanini, nusu saa unaondoka."

Nikamuuliza, "Fundi, kama imeisha, mbona nikitembea inapooza?"

"Ndivyo magari ya zamani yalivyo."

"Na ile ya mwanzo imeenda wapi?"

"Dada, gesi ni gesi, inaisha tu." Nikamshukuru, nikaondoka. Sikugombana naye. Wengi wanasema hivyo kwa sababu kujaza gesi ndiyo kazi wanayolipwa haraka, na sisi wateja ndio tumewazoesha.

Wa pili alikuwa mzee mmoja Ilala niliyeelekezwa na dada anayeuza aiskrimu. Nikampa shikamoo, nikamwonyesha daftari. Akasoma, akacheka, akasema, "Mwanangu, umenipunguzia kazi. Washa AC, uje usimame huku mbele."

Mbele ya gari langu kuna feni mbili. Moja ya rejeta ya maji, nyingine ya kondensa. AC ikiwashwa, kwenye magari mengi feni ya kondensa inatakiwa izunguke muda mfupi tu baada ya hapo. Yangu ilikuwa imetulia kama pambo. Ukiwa barabarani upepo wa mwendo unaipooza kondensa bila msaada wa feni. Ukisimama, hakuna upepo, kondensa inabaki na joto lake, baridi inakufa. Ndiyo maana ya ile 9 na 23.

Hakuishia kwa macho. Alifunga geji. Injini ikiwa imezimwa, pande zote mbili zilisoma sawa, kama 95. Hapa pana jambo ambalo hata mafundi wengine hulichanganya. Gari likiwa limezimwa na limepoa, siku ya nyuzi 30, geji ya gesi ya R134a inasoma karibu na 95 hata kama gesi imejaa, hata kama imebaki nusu. Ilimradi kuna kimiminika ndani, presha inafuata joto la hewa. Kwa hiyo mtu akikusomea geji gari limezimwa akakwambia "imejaa" au "imepungua kidogo", hajajua bado. Ikisoma 20 au 30, hapo sawa, karibu yote imetoka.

Akawasha. Upande wa presha ndogo ukakaa 48, wa presha kubwa ukapanda hadi 310 na bado unasogea. Kwa joto letu la Dar, mfumo mzima ungekaa kama 30 hadi 45 upande mdogo, na 200 hadi 250 upande mkubwa. Halafu akafanya kitu nilichokipenda sana: akachukua ndoo ya maji na mug, akamwagia kondensa taratibu, akikwepa nyaya za feni. Ndani ya dakika moja presha kubwa ikashuka chini ya 200, na kipimajoto changu ndani ya gari kikasoma 12. Maji yamefanya kazi ya feni. Huhitaji cheti chochote kuielewa hiyo.

Jaribio la maji unaweza kulifanya mwenyewe nyumbani, bila geji, ukiwa na kipimajoto tu. Ila mikono iwe mbali, kwa sababu feni za mbele zinaweza kuanza zenyewe ghafla. Na usimwage ndoo nzima kwa mpigo kwenye injini.

Feni nayo aliipima. Akaichomoa plagi, akaiunganisha moja kwa moja na betri kwa nyaya mbili. Kimya. Akaigonga mota kwa kipande cha mti, ikazunguka kidogo, ikasimama tena. Kaboni zimeisha. Kama ingezunguka vizuri kwenye betri, tungerudi kutafuta fyuzi, rilei, au waya uliokatika, ambavyo ni bei ya soda tu ukilinganisha na feni. Msikubali kununuliwa feni kabla haijajaribiwa hivyo.

Fikiria sasa ningejaza gesi kwa yule wa kwanza. Feni imekufa, presha tayari iko 310, unaongeza gesi juu yake. Presha inapanda zaidi, kompresa inafanya kazi kwa kulazimishwa, na kompresa ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote kwenye AC. Magari mengi yana swichi ya kuzima presha ikizidi, lakini kwenye gari la miaka zaidi ya 20 mimi siwezi kuiwekea dhamana.

Feni iliyotumika nilipata kwa elfu arobaini na tano, ufundi elfu ishirini. Hizo ni bei nilizolipa mimi, kwako zinaweza kuwa tofauti. Nikarudi nyumbani, nikapima tena foleni: 15. Bora, lakini si 9.

Kwenye gari la zamani matatizo hupandana, na hapa ndipo watu wanapokata tamaa na kusema fundi kawadanganya. Mzee alikuwa ameniambia mapema kwamba kuna doa la mafuta kwenye kiungio cha bomba pembeni ya kondensa, lenye vumbi limegandia. Mafuta ya kompresa yanasafiri pamoja na gesi, kwa hiyo panapovuja gesi mara nyingi pana alama ya mafuta. Kesho yake akapaka povu la sabuni, tukasubiri. Baada ya muda vipovu vidogo vidogo vikaanza kuchomoza, kimoja kimoja. Kipete cha mpira ndani ya kile kiungio kilikuwa kimekakamaa.

Gereji aliyonipeleka ina mashine inayonyonya gesi yote na kuipima kwa gramu. Lebo chini ya boneti yangu inasema 450. Zilitoka 370. Kwa hiyo ni kweli gesi ilikuwa imepungua, fundi wa kwanza hakusema uongo mtupu. Ila angeiongeza kupitia kiungio kinachovuja, kwenye gari ambalo feni haizunguki.

Wakabadilisha kipete na draya, kile kikopo kinachonyonya unyevu, kwa sababu mfumo ukishafunguliwa na kuingiwa na hewa, draya ya zamani huiamini tena. Wakavuta hewa kwa pampu dakika arobaini, wakaiacha ikae waone kama sindano ya geji inarudi. Haikurudi. Msiruhusu hatua hii irukwe. Pampu inatoa hewa na unyevu; unyevu ukibaki unaweza kuganda kwenye kile kitundu, na ukichanganyika na gesi na mafuta unatengeneza asidi inayokula mabomba kutokea ndani.

Halafu gesi ikarudishwa kwa mizani, gramu 450. Sisi waokaji tunapima unga kwa gramu, sasa kwa nini tukubali gesi ijazwe kwa kukadiria? Ikizidi nayo haipoozi, presha inapanda tu. Kama gereji haina mizani, tafuteni yenye mizani.

Jumamosi ile, foleni ya Mwenge saa saba mchana, tundu la dashibodi lilisoma 12. Keki ilifika imesimama. Chini ya ngazi ya kwanza niliweka pia vipande vya barafu ya mfuko, maana baridi ya tundu na joto la kule nyuma iliko keki ni vitu viwili tofauti, hasa kwenye gari la milango mitano.

La kwako linaweza lisifanane na langu, kwa hiyo nisiwaache hewani. Kama hewa inatoka kidogo tu ingawa feni ya ndani inanguruma, anza na chujio la hewa nyuma ya boksi la dashibodi. Magari mengi ya Kijapani unalitoa kwa mkono bila bisibisi. La rafiki yangu lilikuwa na manyoya ya kuku. Kama inapooza vizuri nusu saa kisha upepo unapungua mpaka unakata, ukizima kidogo unarudi na maji yanamwagika mengi chini, koili ya ndani imeganda barafu: ni chujio limeziba, au kihisi cha joto cha ile koili. Maji kudondoka chini ya gari kwa kawaida ni dalili njema, msihangaike nayo. Yasipodondoka kabisa na zulia la mbele likalowa, mpira wa kutolea maji umeziba.

Ukibonyeza AC, sikiliza mlio wa "tak" na uangalie uso wa kompresa kama umeanza kuzunguka pamoja na puli yake. Kama hakuna "tak", usikimbilie kununua kompresa. Fyuzi kwanza, rilei pili (mara nyingi unaweza kuibadilisha kwa muda na ya honi kama zinafanana), kisha geji, kwa sababu gesi ikipungua sana swichi ya presha inaizuia kompresa kwa makusudi ili isife. Na kama inashika na kuachia kila baada ya sekunde chache, hapo ndipo kweli unamsikiliza fundi anayesema gesi ni pungufu. Halafu unamuuliza imeenda wapi.

Kuhusu gesi yenyewe: muulize jina na uone mtungi. Magari yaliyotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi muongo wa 2010 karibu yote ni R134a, na lebo ya boneti inasema. Wapo wanaojaza mchanganyiko wa gesi jamii ya ile ya kupikia. Inapooza, tena vizuri, lakini inawaka, na bomba lake linaingia hadi nyuma ya dashibodi, pale mlipokaa. Gesi feki nazo si hadithi. Mwaka 2011 makontena ya friji yalilipuka na kuua wafanyakazi baada ya kujazwa gesi iliyochakachuliwa kwa kemikali inayoshambulia alumini. Kondensa ya gari lako ni alumini. Na msifungue vali wenyewe kwa bisibisi ili "kuona kama ipo": R134a inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, inachoma ngozi na macho kwa baridi.

Wakati gari liko gereji au hela haijatosha, biashara isisimame. Mimi oda za mbali nilizihamishia kabla ya saa mbili asubuhi na baada ya jua kuzama, keki ikitoka kwenye friji dakika ya mwisho, ndani ya boksi la fomu. Wateja wawili walikataa muda huo. Nikawaambia ukweli kwamba mchana siwezi kuwahakikishia, mmoja akaja kuchukua mwenyewe.

Kuna wakati AC ya gari la zamani haifai kutengenezwa. Kama kinachovuja ni koili ya ndani, dashibodi inabidi ifunguliwe yote, na kazi hiyo inaweza kukaribia bei ya kompresa. Hapo chukua daftari la oda, hesabu ni safari ngapi kwa mwezi zinahitaji baridi kweli. Kama ni nne, kodi gari lenye AC siku hizo nne, gharama uiweke wazi kwenye bei ya usafiri. Kama ni ishirini, tengeneza. Na kama ni kompresa iliyosagika, muulize fundi kabla ya yote atasafishaje vipande vya chuma vilivyosambaa kwenye mabomba, na kama kondensa na draya vitabadilishwa. Akisema tunafunga tu kompresa nyingine ya kutoka kwenye gari bovu tunaondoka, bora ununue barafu.